Dawa ya sonona imeanza kwa vurugu: tafuta chanzo kabla ya kuiacha

Dawa za sonona zina tabia moja ya kuudhi: madhara hutangulia, nafuu hufuata. Kichefuchefu kinaweza kuja siku ileile ya kidonge cha kwanza, lakini moyo kuanza kuchangamka huchukua wiki mbili hadi nne, na kwa wengine hata sita au nane. Hapo katikati, mtu aliyekwenda kutibiwa kwa kukosa usingizi na hamu ya kula anajikuta usingizi umepungua zaidi na chakula hakipiti kabisa. Wengi huiacha dawa wakati huo, kimyakimya, na aliyewaandikia hana habari mpaka siku watakaporudi wakiwa hoi.

Maelezo haya ni ya kipindi hicho. Yanahusu hasa dawa zinazoandikwa zaidi siku hizi, zile zinazofanya kazi kupitia serotonini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe kati ya neva: fluoksetini, sertralini, sitalopramu, esitalopramu na paroksetini, pamoja na ndugu zao venlafaksini na duloksetini. Amitriptilini na mitazapini zina visa vyao, nitavitaja panapohusika. Hayachukui nafasi ya daktari wako. Yatakusaidia kujua umpigie lini na umwambie nini.

## Anza na tarehe

Dalili moja hubeba maana tofauti kulingana na siku ilipoanza. Mikono kutetemeka siku ya tatu ya dawa ni jambo la kawaida. Mikono kutetemeka saa chache baada ya kumeza tramadoli, dawa kali ya maumivu, juu ya dawa hiyo inaweza kuwa dharura. Kizunguzungu cha wiki ya kwanza mara nyingi ni mwili kuzoea. Kizunguzungu cha mwezi wa pili, baada ya kusahau vidonge vya siku mbili, huenda kimeletwa na kukosa dawa.

Kwa hiyo kabla ya kukilaumu kidonge, chukua karatasi uandike siku ulipoanza, siku dozi ilipopandishwa, siku dalili ilipotokea, na kila kitu kingine unachomeza au kunywa. Ninaposema kila kitu, namaanisha pia dawa ya maumivu uliyonunua bila cheti, dawa ya kikohozi, pombe na mitishamba. Watu huficha mitishamba bila kukusudia, kwa sababu hawaihesabu kuwa dawa, na mara nyingi jibu limelala humo humo.

Jiulize pia kama dalili ilikuwepo kabla. Sonona yenyewe huleta maumivu ya kichwa, uchovu, tumbo kuvurugika na usingizi wa mang'amung'amu. Karatasi ya ndani ya pakiti huorodhesha madhara yote yanayojulikana, yale yanayowapata wengi na yale ya nadra sana, kwa herufi zilezile ndogo. Isome mchana, ukiwa na mtu. Ukiisoma usiku wa manane peke yako utaanza kujihesabia mapigo ya moyo.

## Zisizosubiri miadi

Mawazo ya kufa au kujidhuru yakija mapya, au yalikuwepo na sasa yamepata nguvu au mpango, usisubiri. Usikae peke yako. Mwambie mtu mmoja kwa maneno ya wazi, "nawaza kujiua", mkabidhi dawa zote zilizomo ndani, kisha mwende pamoja hospitali au mpige namba ya dharura ya mahali mlipo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza mwaka 2004 onyo zito kuhusu hatari hii kwa watoto na vijana wadogo, na mwaka 2007 onyo likapanuliwa kuwafikia wenye umri wa hadi miaka 24. Kwa watu wazima zaidi ya hapo tafiti hazikuonyesha hatari kuongezeka kwa sababu ya dawa, ila sonona yenyewe ina hatari hiyo, kwa hivyo hatua ni zilezile. Wiki za mwanzo, na siku zinazofuata kila badiliko la dozi, ndizo za kuwa macho. Wanaoishi na mgonjwa waelezwe mapema, maana yeye mwenyewe anaweza asione alivyobadilika: hasira za ghafla, kutotulia, usiku mzima bila lepe la usingizi.

Dharura ya pili ni serotonini kupita kiasi. Mara nyingi hutokea ndani ya saa 24 baada ya kuongeza dawa nyingine au kupandisha dozi. Dalili huja kwa mkupuo: homa, jasho jingi, moyo kwenda mbio, kuharisha, kutetemeka, misuli kukaza au kurukaruka hasa miguuni, na akili kuchanganyikiwa. Wachokozi wanaojulikana ni tramadoli, pethidini, antibiotiki ya linezolidi, dekstromethofani iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi, mmea wa haiperikamu unaouzwa kama tiba asilia ya huzuni, na dawa nyingine ya sonona, hasa zile za zamani kama fenelzini na tranilsipromini. Nenda hospitali na pakiti zote mkononi.

Nyingine za kukimbilia huduma ni hizi: midomo, ulimi au uso kuvimba, kupumua kwa shida, au upele unaosambaa, kuzimia au moyo kuruka mapigo, degedege, kutapika damu au choo cheusi kama lami, jicho kuuma ghafla huku ukiona duara za rangi kuzunguka taa. Kwa mzee, au mtu yeyote anayetumia dawa za kuongeza mkojo, ongeza hii: kuchanganyikiwa, unyonge wa ghafla, kuanguka, kichwa kuuma na kutapika kwa pamoja. Dawa hizi zinaweza kushusha sodiamu, yaani chumvi, kwenye damu, hasa wiki za mwanzo, na nyumbani watu husema "ni uzee tu". Kipimo cha damu kinaumaliza ubishi.

## Kichefuchefu na tumbo

Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko kwenye njia ya chakula, si kichwani. Ukiigusa serotonini, tumbo ndilo linaloanza kulalamika. Kwa watu wengi malalamiko haya hupungua ndani ya wiki moja au mbili bila kufanyiwa lolote kubwa.

Kwanza angalia unavyomeza. Kidonge kilichomezwa kwa maji matupu asubuhi, tumbo likiwa tupu kwa sababu hamu ya kula hakuna, kitachafua moyo kuliko kilichofuata chakula, hata kama chakula chenyewe ni matonge machache. Kama bado, muulize daktari au mfamasia kama unaweza kuhamia usiku, ili kichefuchefu kikukute umelala. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Kapsuli za duloksetini usizifungue wala kuzitafuna.

Halafu angalia dozi. Wengine huanzishwa juu mno kwa mwili wao. Sertralini, kwa mfano, mara nyingi huanzishwa na miligramu 25 kwa mtu mwenye mashambulizi ya hofu, kisha hupanda hadi 50 baada ya wiki. Ikiwa wewe ulianzia 50 na unatapika, ni haki yako kuuliza kama unaweza kushuka na kupanda taratibu. Huku si kushindwa na dawa.

Aina ya dawa nayo ina neno lake. Sertralini inajulikana kwa kuharisha. Paroksetini na amitriptilini huelekea upande wa pili, choo kinafunga. Anayeharisha anywe maji ya kutosha. Aliyefunga choo naye anywe maji, aongeze matunda na mboga, atembee. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, usimeze kingine papo hapo bila kuuliza.

Kichefuchefu kinachoanza wiki ya sita, dozi ikiwa ileile tangu mwanzo, kitafutie chanzo kingine. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, pima kwanza. Kipimo kikiwa chanya usiache dawa siku hiyohiyo kwa hofu. Nenda ukaulize, maana kuacha ghafla nako kuna hatari zake.

Neno moja kuhusu maumivu. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, nazo hutumia serotonini. Dawa hizi zikichanganywa na aspirini, ibuprofeni, diklofenaki au warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), uwezekano wa kutokwa damu, hasa tumboni, unaongezeka. Kichwa kikiuma katika wiki ya kwanza, na huuma kweli, parasetamoli ndiyo chaguo salama zaidi kwa wengi.

## Mwili haukai, moyo unadunda

Hapa ndipo watu huogopa zaidi, na hapa ndipo panahitaji jicho kali, kwa sababu mambo manne tofauti yanafanana.

La kwanza ni wasiwasi wa kuanzia dawa. Tumbo linapwita, mikono inatetemeka kidogo, hofu ndogo inapanda bila sababu, kisha inashuka. Huanza siku chache za mwanzo na kwa kawaida hufifia ndani ya wiki mbili hivi. Wenye historia ya mashambulizi ya hofu hupata zaidi. Punguza kahawa na vinywaji vya kuchangamsha, meza asubuhi, na umwambie daktari. Dozi ndogo ya kuanzia hutatua mengi.

La pili ni kutotulia kwa mwili kunakoitwa akathisia. Mtazame mwenye tatizo hili akiwa kwenye benchi la kusubiri. Anapandisha mguu juu ya mwingine, anaushusha, anainuka kana kwamba ameitwa, anatembea hadi mlangoni, anarudi, anakaa, na kabla hajatulia goti limeanza tena kucheza. Ukimuuliza, "Kaka, una wasiwasi wa nini?" atakujibu hana wasiwasi wa kitu, ni mwili tu unakataa kukaa. Mateso yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana, na yamehusishwa na mawazo ya kujiua. Usilivumilie jambo hili kwa hesabu ya "wiki mbili litapita". Mpigie daktari siku hiyohiyo, mweleze miguu inavyofanya, kwa sababu ukisema "nina wasiwasi" tu anaweza kudhani ni ugonjwa na kupandisha dozi, na kupandisha dozi hapo ni kumwagia mafuta kwenye moto.

La tatu linadanganya kwa kuwa halionekani kama tatizo. Baada ya miezi ya giza, mtu anaamka ghafla na nguvu za ajabu. Analala saa mbili au tatu na hachoki. Anaongea bila kupumua, ana mipango mitano ya biashara, anatumia pesa ambazo hana, anakasirika akizuiwa. Jamaa wanashukuru dawa imefanya kazi. Nafuu ya kweli haiji hivyo. Huja polepole, na huja na usingizi. Hali hii inaweza kuashiria kwamba ugonjwa ulikuwa wa hisia kupanda na kushuka, na dawa ya sonona peke yake imezisukuma juu. Daktari aelezwe haraka, hasa kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuwa na hali kama hiyo.

La nne ni sonona au wasiwasi wenyewe, ambao bado haujapata tiba. Karatasi yako itakusaidia: kama hofu hii unaijua tangu miezi iliyopita, inakuja saa zilezile na kwa sura ileile, dawa haijaleta kitu kipya, ila haijafika bado.

Moyo kudunda kwa nguvu wakati wa hofu ni jambo moja. Moyo kuruka mapigo, au kudunda pamoja na kizunguzungu cha kuzimia, ni jingine. Sitalopramu inaweza kubadili mpigo wa umeme wa moyo kadiri dozi inavyopanda. Ndiyo sababu kikomo chake ni miligramu 40 kwa siku, na 20 kwa waliozidi miaka 60. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme kabla ya kuanza. Anayeandikiwa antibiotiki kama erithromaisini, au dawa ya malaria, amwambie anayempa kuwa yuko kwenye dawa hii.

## Usingizi: umepotea au umezidi

Huu ni mkanganyiko wa saa mara nyingi kuliko wa dawa. Fluoksetini huchangamsha, ikimezwa usiku itakufanya uhesabu mabati. Ihamishie asubuhi. Mitazapini na amitriptilini huleta usingizi. Zimezwe jioni au usiku, na usiendeshe gari wala mashine mpaka ujue asubuhi yake inakuachaje. Sertralini na esitalopramu hutegemea mtu. Ukihama saa, muulize mfamasia namna ya kuvuka siku ya kwanza ili usimeze dozi mbili karibu karibu.

Ndoto zinaweza kuwa kali na zenye rangi. Zinashangaza, hazidhuru. Pombe kama dawa ya usingizi ndiyo njia mbaya kuliko zote: inaongeza kusinzia, inavunja usingizi wa usiku wa manane, na inairudisha sonona kwa mlango wa nyuma.

## Kinywa, jasho, miayo

Kinywa kikavu ni sifa ya amitriptilini zaidi. Nyonya maji kidogo kidogo na piga mswaki vizuri, kwani mate yakipungua meno huoza haraka. Ikiwa mkojo unakataa kutoka, hasa kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyokua, hilo si la kusubiri. Jasho la usiku na miayo isiyo na usingizi ni vituko vya dawa hizi, vinakera tu. Mitazapini huongeza hamu ya kula na uzito, kwa hiyo jipime mapema ujue ulipoanzia.

## Kizunguzungu

Kikija unapoinuka kitandani au kwenye kiti, ni presha kushuka ghafla, kawaida zaidi kwa amitriptilini na kwa wanaotumia pia dawa za presha. Kaa ukingoni mwa kitanda kwanza, ndipo usimame. Kikija na vishindo vya ghafla kichwani kama shoti ya umeme, hesabu vidonge vilivyobaki: huenda umeruka dozi. Venlafaksini na paroksetini hutoka mwilini haraka, na mwili huhisi hata kuchelewa kwa siku moja. Fluoksetini hukaa wiki kadhaa, hivyo ukiisahau mara moja huenda usigundue. Ukikumbuka kidonge kilichosahaulika wakati wa kingine umekaribia, ruka kilichopita. Usimeze viwili kufidia.

## Tendo la ndoa

Watu hawalisemi, na madaktari wengi hawaulizi. Hamu kupungua, kuchelewa sana kufika kileleni au kutofika kabisa, ganzi sehemu za siri, kwa wanaume na wanawake. Tofauti na kichefuchefu, tatizo hili mara nyingi halipiti lenyewe. Nasema wazi kwa sababu nimesikia ushauri wa "subiri utazoea" ukitolewa kwa tatizo hili pia, na si wa kweli kwa wengi.

Kuna njia: kushusha dozi ikiwa hali inaruhusu, au kuhamia dawa yenye athari ndogo upande huu, kama mitazapini au bupropioni. Bupropioni haimfai mwenye kifafa, kwani huweza kuleta degedege. Anayeona aibu aandike sentensi moja kwenye karatasi na kuisukuma mezani: "Tangu nianze dawa hii, tendo la ndoa limekuwa tatizo." Mwenza naye aelezwe kuwa ni dawa, asije akadhani amechokwa.

## Unapoona huwezi kuendelea

Kuacha au kubadili dawa inaruhusiwa. Kinachotakiwa ni njia. Aliyemeza kwa siku chache tu kwa kawaida hapati shida ya kuacha, lakini aliyefika wiki kadhaa hushushwa hatua kwa hatua. Usiazime dawa ya jirani, wala usirudie ile ya zamani iliyobaki kabatini, kwa kuwa ya sasa bado imo mwilini. Mtu anayetoka kwenye fluoksetini kwenda fenelzini, kwa mfano, hungojea wiki tano katikati.

Daktari ana njia nyingi: kushusha dozi, kupandisha polepole, kuhamisha saa, kuongeza dawa ya kutuliza kwa muda mfupi, kubadili aina. Atachagua vizuri akipata habari kamili, na habari kamili inaingia kwenye ujumbe mmoja mfupi:

"Shikamoo daktari. Nilianza sertralini miligramu 50 Jumatatu iliyopita, nameza asubuhi baada ya kula. Tangu siku ya pili nina kichefuchefu na naharisha mara tatu kwa siku, sitapiki, maji yanapita. Nalala kama saa nne. Miguu imetulia, sina homa, sina mawazo ya kujidhuru. Jana nilimeza diklofenaki moja kwa ajili ya mgongo, na kuna dawa ya kikohozi ninayotumia. Niendelee, nishushe dozi, au nije?"

Ya kikohozi, kama hujui ina nini ndani, piga picha upande wa pakiti wenye maandishi madogo uitume pamoja na ujumbe.